Stata ya Mustang yawatoa jasho Kilindini

HAKUNA adha inayomkera mwenye gari kama kuzungusha ufunguo akitarajia injini ingurume, kisha akajibiwa kwa mlio mmoja mkavu, 'tak', halafu kimya. Watoto wameshavaa sare, saa inakwenda, na majirani wanaitwa waje kusukuma. Wa kwanza kulaumiwa huwa ni stata.

Kwa gari la kawaida la kutoka Japani, adha hiyo aghalabu humalizika kabla ya adhuhuri. Stata iliyokwisha kutumika hutafutwa katika maduka ya spea, fundi akalala chini ya gari na spana zake mbili, na jioni mwenyewe yuko barabarani. Lakini je, gari lenyewe likiwa ni Ford Mustang ya mwaka 1966, yenye silinda nane, na ambayo haijatiwa ufunguo kwa zaidi ya miaka 20?

Hilo ndilo lililoikabili familia moja inayoishi mwendo mfupi kutoka lango la bandari ya Kilindini, kisiwani Mombasa. Gari hilo ni urithi. Baba wa nyumba, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, na alilinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Alipofariki, gari lilifunikwa turubai likaachwa uani. Kuku wakatagia kwenye kiti cha nyuma. Kila baada ya muda mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mkokoteni wake kuuliza kama wenyewe wameshakata shauri.

Mama hakuwa na uadui na gari. Alichotaka ni uwanja wake, ajenge vyumba viwili vya kupangisha, maana karo haingojei. Mwanawe wa tatu, anayesomea ufundi wa magari, akamwomba muda. Mapatano yakawa haya: gari liwake kwa ufunguo wake, bila kusukumwa na mtu, kabla ya Idi. La sivyo, mwenye mkokoteni aitwe.

Msomaji asiyaone mapatano hayo kuwa ni mzaha wa kifamilia. Magari mengi ya zama hizo yameishia kwenye mizani, yakauzwa kwa kilo. Biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake tangu mwaka 2015, na mnamo 2022 serikali iliipiga marufuku kwa miezi michache kwa sababu ya kuharibiwa kwa milingoti ya umeme. Lakini hakuna sheria inayolilinda gari kuukuu ambalo mwenyewe ameliuza kwa hiari yake. Na likishakwenda, limekwenda. Kanuni za Kenya haziruhusu gari la kawaida lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka minane, wala hazipendi usukani wa kushoto.

Jina Kilindini latokana na kilindi, yaani maji yenye kina kirefu, na ndicho kina hicho kilichozivuta meli kubwa ziiache Bandari ya Kale na kuja upande huu wa kisiwa. Magari yaliyoshuka hapa tangu enzi za mkoloni hayana idadi, mengi yakiwa njiani kwenda Nairobi na Kampala. Ya Kimarekani yalikuwa machache, na kila mtaa ulijua ni ya nani.

Vijana wa leo wakisikia Safari Rally hukumbuka Subaru na Toyota. Wazee wana yao ya kusimulia. Pasaka ya mwaka 1964, Ford ya Marekani ilileta Afrika Mashariki kundi la magari aina ya Mercury Comet, yenye injini ya silinda nane ya inchi 289 za ujazo, ambazo ni kama lita 4.7. Tope halikuyastahi. Mawili tu ndiyo yaliyofika mwisho, moja likiwa la 18 na jingine la 21, na ushindi ukachukuliwa na Ford Cortina GT, kigari kidogo kutoka Uingereza, kilichoendeshwa na Peter Hughes na Billy Young. Wiki chache baadaye, tarehe 17 Aprili 1964, Mustang ilizinduliwa huko Marekani, na injini hiyo hiyo ya 289 ikawa miongoni mwa zile ambazo mnunuzi angeweza kuchagua.

Mustang nayo ilikuja kupata siku yake huku kwetu, ingawa ilichelewa. Mwaka 2009 dereva Mkenya Ian Duncan, ambaye aliwahi kushinda Safari yenyewe mwaka 1994 kwa Toyota Celica, alishinda mashindano ya Safari ya magari ya kale akiwa ndani ya Ford Mustang. Mashindano hayo, yaliyoanza 2003, yameanzia au kumalizikia Pwani ya Mombasa mara kadhaa. Kijana wa Kilindini ana picha ya gari hilo ukutani.

Turudi kwenye stata. Zamani gari liliwashwa kwa hendeli. Dereva aliinama mbele ya gari, akatia chuma tunduni na kuzungusha. Injini ikirudisha teke, mkono au kifundo kilivunjika. Hata Peugeot 404, gari lililopendwa sana Kenya miaka ya sitini, lilikuwa na stata ya umeme na bado likaachiwa tundu la hendeli, kwa siku ambayo betri ingegoma.

Aliyewaokoa watu na adhabu hiyo ni Mmarekani Charles Kettering, ambaye stata yake ya umeme ilitiwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Wataalamu walikuwa wakidai kwamba mota yenye nguvu ya kuzungusha injini lazima iwe kubwa mno. Kettering, aliyekuwa amewahi kutengeneza mota ya mashine za kuhesabia fedha madukani, aliona wasichokiona: stata haifanyi kazi kutwa. Hufanya kazi kwa sekunde chache tu kisha ikapumzika, kwa hiyo mota ndogo yaweza kubebeshwa mzigo ambao ungeiunguza kama ingefanya kazi kwa saa nzima.

Siri hiyo ndiyo pia udhaifu wake. Injini ya silinda nane hudai umeme wa ampia 150 au zaidi inapozungushwa, umeme mwingi kuliko unaotumiwa na kitu kingine chochote garini. Umeme huo hutoka kwenye betri, hupita kwenye waya mnene hadi solenoidi, ambayo ni swichi ya sumaku inayotii ufunguo, kisha huingia ndani ya stata kupitia makaa, yaani vile vipande vya kaboni vinavyosuguana na amecha inayozunguka. Gia ndogo ya stata hurukia meno ya flaiwili, lile gurudumu zito lililoko nyuma ya injini, na kuisukuma. Kisha umeme hurejea kwenye betri kupitia bodi ya injini na waya wa ardhi. Njia ya kurudi ni muhimu sawasawa na njia ya kwenda. Wengi huisahau, na tutaona jinsi ilivyowasumbua hawa wa Kilindini.

Kijana alimtafuta fundi wa umeme wa magari huko Shimanzi, mtu mzima aliyeanza kazi hiyo enzi za Datsun na Peugeot. La kwanza fundi alilokataa ni kuigusa stata. Injini iliyolala miaka 20 karibu na bahari huenda pete zake zimeshikana na silinda kwa kutu, na kuilazimisha kwa stata ni sawa na kumpa mtoto gunia la chumvi alibebe. Plagi zote nane zikatolewa, mafuta yakamiminwa kidogo kidogo katika kila tundu, na injini ikaachwa iloweke kwa siku nne. Siku ya tano spana kubwa ikatiwa kwenye nati ya mbele ya injini, wakaivuta wawili. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ilisogea, polepole, kama mlango wa ghala.

Hapo ndipo stata ikatolewa. Katika Mustang hiyo imefungwa upande wa kulia wa injini, chini, kwa bolti mbili, na solenoidi yake haikukaa juu ya mgongo wa stata kama ilivyo katika magari mengi, bali imefungwa mbali, kwenye ukuta wa bati karibu na betri. Waya wa betri ulifunguliwa kwanza, ule wa hasi, kwa sababu spana ikigusa chuma wakati waya mnene una moto, cheche zake huyeyusha nati na kuunguza mkono. Gari lilikuwa limeegemezwa juu ya vigingi vya chuma. Ni aibu kwamba hadi leo kuna mafundi wanaojilaza chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Bolti ya chini ilitoka. Ya juu ilichukua siku nzima, mafuta ya kulegeza kutu na maneno ambayo gazeti la familia haliwezi kuyachapisha. Stata yenyewe, kilo nane hivi za chuma, ilishuka juu ya kifua cha kijana.

Ilipofunguliwa mezani, hapakuwa na la kuficha. Makaa yalikuwa yamekwisha, bushi ya mbele ilikuwa imelika hata amecha ikawa inagusa sumaku za pembeni, na nyaya za ndani zilikuwa zimepoteza ngozi yao. Hewa ya chumvi ya Mombasa haina haraka, lakini haina huruma. Fundi alimulika tochi kwenye tundu lililobaki ili atazame meno ya flaiwili. Jambo hili linafaa kujulikana: injini haisimami popote ipendapo inapozimwa. Ya silinda nne hupendelea kusimama mahali pawili, ya silinda nane mahali panne, na hapo ndipo gia ya stata hugonga kila siku. Basi meno huchakaa hapo hapo, na mengine yakabaki kama mapya. Gari linalowaka leo na kesho likatoa mlio wa chuma kusaga chuma, huenda ugonjwa wake uko huko, wala si kwenye stata. Meno ya Mustang, kwa bahati, yalikuwa mazima.

Mjadala ukazuka. Kijana alitaka stata ya kisasa, zile zenye gia ya kupunguza mwendo ndani yake, ambazo uzani wake ni nusu ya ile ya kale, hutumia umeme mchache na huzungusha injini kwa nguvu zaidi. Fundi alitaka ya kale isukwe upya, nyaya mpya, makaa mapya, bushi ya shaba ichongwe na mchonga vyuma wa hapo hapo Shimanzi. Kila mmoja alikuwa na hoja. Anayekusudia kulipeleka gari lake mashindano ya urembo wa magari ya Concours d'Elegance, yanayofanyika Nairobi tangu mwaka 1970, atajuta akitia kitu kisicho cha asili, kwani majaji hufunua boneti. Anayetaka gari la kumpeleka mamake sokoni ana haki ya kuchagua la kisasa.

Kwa maoni yangu fundi ndiye aliyekuwa na hoja nzito, na si kwa sababu ya majaji. Mafundi wanaojua kusuka amecha kwa mkono wanazidi kupungua, kwa kuwa ni rahisi kununua stata iliyotumika kuliko kungoja siku tatu. Kazi ikikosekana, na ujuzi nao utapotea. Lakini Idi ilikuwa inakaribia, na waya wa kusukia wa unene uliotakiwa haukupatikana mjini wiki hiyo. Shauri likakatwa: stata mpya iagizwe kutoka Marekani, na ile ya kale isukwe polepole.

Kabla ya kuagiza, fundi alihesabu meno ya flaiwili na kupima kwa rula kina cha pua ya stata. Alifanya vyema. Stata ya Mustang yenye gia za mkono hailingani na ya gari lenye gia za kujibadili, ijapokuwa ukiziona kwenye picha utadhani ni pacha. Ukikosea, gia ndogo haifiki kwenye meno, au inafika na kukwama humo. Bei yake, pamoja na usafiri na ushuru, ilizidi karo ya muhula mzima ya mdogo wake. Mama hakuzungumza siku hiyo.

Stata ikafika, ikafungwa, betri mpya ikatiwa. Wadogo zake wakasimama uani. Kijana akazungusha ufunguo.

Tak.

Mtu mwingine angeilaani stata na kuirudisha kwa aliyeiuza. Fundi alitoa mita yake. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma volti 12.6 hivi. Akaamuru ufunguo uzungushwe tena huku akiitazama: haikushuka hata kidogo chini ya 12. Kwa asiyejua, hiyo ni habari njema. Kwa fundi ni dalili kwamba umeme haupiti kabisa, maana stata inayofanya kazi ingeishusha betri hadi kumi au kumi na moja. Ingeshuka chini ya 9.6, basi betri yenyewe ndiyo mbovu. Akahamisha ncha moja ya mita hadi kwenye bodi ya injini na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Hapo pasipaswe kusoma zaidi ya nusu volti wakati ufunguo umezungushwa. Palisoma karibu 11.

Njia ya kurudi ilikuwa imezibwa. Na iliyoiziba ni rangi. Miezi miwili kabla, kijana alikuwa ameisafisha injini na kuipaka rangi ya buluu ya Ford, mipako miwili, kwa uangalifu mkubwa, hata mahali pale ambapo waya wa ardhi hufungwa. Rangi haipitishi umeme. Ndiyo maradhi yanayoyapata magari mengi yanayofufuliwa: kadiri mwenyewe alivyo nadhifu, ndivyo anavyozidi kuziba njia. Waya wenyewe nao, ulipochunwa ngozi, ulikutwa umejaa kutu ya kijani ndani, ingawa kwa nje uling'aa.

Matibabu yake hayakugharimu hata sehemu ndogo ya bei ya stata. Rangi ilikwanguliwa hadi chuma cheupe kikaonekana, waya mnene mpya ukafungwa, vichwa vya betri vikaoshwa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, kisha vikapakwa girisi ili chumvi isirudi. Yeyote anayeishi kisiwani angefanya vyema kuanzia hapo kabla hajanunua chochote.

Ningependa kulisemea jambo moja ambalo vijana wa gereji hulifanya kwa mbwembwe. Katika Ford hizi, kwa kuwa solenoidi iko juu na wazi, ni rahisi kuunganisha vichwa vyake viwili kwa bisibisi na injini ikazunguka bila ufunguo. Kama gari liko gia, litaruka mbele, na aliyesimama mbele ya bampa hatapata nafasi ya kujuta. Anayepima hivyo ahakikishe gari liko huru, hendibreki imevutwa na magurudumu yamewekewa mawe. Tena stata isishikiliwe kwa zaidi ya sekunde kumi au kumi na tano mfululizo. Ipumzishwe dakika mbili. Kettering aliijenga kwa kazi fupi.

Siku tatu kabla ya Idi, baada ya magharibi, ufunguo ulizungushwa tena. Safari hii mlio ulikuwa mwingine: mzito, wa haraka, injini ikijigeuza bila kusita. Ilizunguka mara tatu hivi, moshi wa mafuta yaliyomiminwa silindani ukajaa uani, na V8 ikawaka kwa mshindo ulioamsha paka wa mtaa mzima. Kuku hawakuonekana hadi asubuhi.

Fundi hakukaa kusherehekea. Aliiacha injini ipate moto sawasawa, akaizima, akangoja dakika kumi, kisha akaiwasha tena. Kulikuwa na sababu. Bomba la ekzosi la injini hiyo hupita karibu na stata, na shaba ikipata joto hukataa umeme: joto likiongezeka kwa nyuzi 100, upinzani wa nyaya huongezeka kwa karibu asilimia 40. Gari huwaka vizuri asubuhi, likazimwa kwenye foleni ya feri ya Likoni wakati wa jua kali, na hapo ndipo linapomwaibisha mwenyewe mbele ya matatu zote. Mara ya pili Mustang ilizunguka kivivu kidogo, lakini iliwaka. Bati jembamba la kuikinga stata na joto la bomba likakatwa kesho yake.

Mama alisikiliza akiwa mlangoni, akauliza kama sasa gari linaweza kutoka uani kwa miguu yake lenyewe ili mafundi wa ujenzi waje. Akaambiwa bado: breki hazishiki, tangi la petroli lina tundu, na magurudumu mawili ni ya kuazima. Amewapa hadi Mfungo Tatu. Vyumba vitajengwa upande wa pili, na kimoja kati yake, kwa amri yake mwenyewe, kimechorwa na mlango mpana.

Stata ya kale ingali Shimanzi. Waya umepatikana, na amecha imeshasukwa nusu.